Kwa Nini Mafao ya Wastaafu wa Serikali Hayalingani?

Swali hili huulizwa mara nyingi na waamini wetu wa Usoke na wa vigango vilivyo kando ya reli kuelekea Urambo, na mara nyingi huulizwa kwa uchungu. Watu wawili walianza kazi mwaka mmoja, wakaishi kata moja, wakasali kanisa moja, watoto wao wakasoma darasa moja. Mmoja amestaafu akapewa fedha za kumaliza nyumba na kununua ng'ombe wa kulimia. Mwenzake, aliyestaafu wiki chache baadaye kwa mshahara uleule, amepata nusu ya hizo. Jirani yao wa tatu, aliyefanya kazi relini, amepata kiasi kingine kabisa. Ndipo maneno huanza: huyu ana ndugu Dodoma, yule faili lake limechezewa, mwingine amerogwa. Tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti hizi haitokani na hila ya karani wala uchawi wa jirani. Inatokana na sheria, na sheria hizo zina historia yake.

Tuanzie mbali kidogo. Wazee wa Unyamwezi walikuwa watu wa safari. Mpagazi aliyebeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo alipatana ujira wake kwa nguo, akapewa posho njiani, na safari ikiisha hesabu ilikuwa imekwisha. Uzeeni alitegemea shamba lake, wanawe na ukoo wake. Mwajiri hakudaiwa neno. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoleta huku kwetu kwa wingi mtu wa aina nyingine: mwajiriwa wa mwezi hadi mwezi, anayeishi mbali na shamba la baba yake na anayezeeka akiwa kazini. Mtu huyo alihitaji jibu jipya kwa swali la nani atamlisha nguvu zitakapomwishia.

Serikali ya kikoloni haikutoa jibu moja. Ofisa mwenye ajira ya kudumu yenye haki ya pensheni alistaafu na malipo ya kila mwezi hadi kifo. Watumishi wa ngazi za chini, ambao karibu wote walikuwa Waafrika, waliwekewa mfuko wa akiba kwa sheria ya mwaka 1942, na wale wa serikali za mitaa wakapata mfuko wao mwaka 1944. Mfuko wa akiba ulikuwa na tabia moja: ulimrudishia mtu michango yake pamoja na faida kwa mara moja, kisha ukamwaga. Hakukuwa na malipo ya mwezi. Kwa hiyo mgawanyiko kati ya wenye pensheni na wenye mkupuo peke yake ni wa zamani kuliko Uhuru, na ulikuwa mgawanyiko wa cheo na wa rangi kabla ya kuwa mgawanyiko wa kihesabu.

Baada ya Uhuru mifuko iliongezeka badala ya kupungua. Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1997 ukageuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Mwaka 1978 ukaja mfuko wa mashirika ya umma, PPF. Mwaka 1999 ikatungwa sheria iliyoanzisha PSPF kwa watumishi wa Serikali Kuu. Mfuko wa serikali za mitaa ukawa LAPF, ukaanza kutoa pensheni kwa sheria ya mwaka 2006. Ule wa akiba ya watumishi wa Serikali, uliojulikana kama GEPF, ulibadilishwa kuwa wa pensheni mwaka 2013. Kila mmoja ulikuwa na bodi yake, majengo yake na, jambo lililo muhimu hapa, hesabu yake.

Msomaji na aitazame kata kama ya Usoke miaka kumi na mitano iliyopita. Mwalimu alikuwa PSPF. Mtendaji, mtumishi wa halmashauri, alikuwa LAPF. Mtumishi wa reli alikuwa PPF. Mtumishi wa mkataba serikalini mara nyingi alikuwa GEPF. Muuguzi aliyeajiriwa na hospitali ya misheni alikuwa NSSF au PPF. Wote walikatwa kwenye mshahara, wote waliitwa wanachama, na huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kuchagua mfuko wake kwa kujua utakachomlipa. Aliingizwa na mwajiri siku ya kwanza, akatia sahihi, akaenda kupokea chaki au sindano.

Hesabu zenyewe zilikuwaje? Hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji, maana ndipo penye kiini cha jambo lote. Pensheni ya mtumishi hupatikana kwa namba nne. Ya kwanza ni mshahara wake wa mwaka. Ya pili ni idadi ya miezi aliyochangia. Ya tatu ni sehemu ambayo kila mwezi wa kazi humpatia: zamani katika PSPF ilikuwa moja ya mia tano na arobaini, sasa ni moja ya mia tano na themanini. Namba hizo tatu hutoa pensheni kamili ya mwaka. Kisha mtumishi huiuza sehemu ya pensheni hiyo kwa mfuko na kupewa fedha taslimu, nazo ndizo tunazoziita mkupuo au kiinua mgongo. Namba ya nne ni bei ya mauzo hayo: zamani kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka iliyoachwa ililipwa shilingi 15.50, sasa hulipwa shilingi 12.50. Asilimia zinazotajwa sana redioni, 50, 25, 33, 40, zinaeleza tu ni kiasi gani cha pensheni kinachouzwa.

Wanachama wa PSPF na LAPF waliuza nusu. Wanachama wa PPF, GEPF na NSSF waliuza robo. Ndiyo maana mwalimu aliondoka na fedha nyingi mkononi na pensheni ndogo ya mwezi, ilhali mtu wa reli aliondoka na fedha chache na pensheni kubwa zaidi.

Mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria ya kuiunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kuunganisha mifuko kulihitaji hesabu moja, na kanuni zilizotolewa mwaka huo zilitaka wote wauze robo. Kelele zilizosikika nchini tunazikumbuka. Desemba 2018 Rais John Magufuli alizisitisha kanuni hizo na kuagiza kila mtu aendelee na hesabu ya mfuko wake wa zamani kwa kipindi cha mpito. Kipindi hicho kilifungwa mapema kuliko ilivyotangazwa: kuanzia tarehe 1 Julai 2022, baada ya mazungumzo kati ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, wote waliwekwa kwenye asilimia 33.

Sasa tuchukue mfano wa walimu wawili waliofanya kazi miezi 360, yaani miaka thelathini, kila mmoja akiwa na mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Tumechagua namba nyepesi ili kila mmoja aweze kufuatisha kwa kalamu. Wa kwanza alistaafu Juni 2022. Pensheni yake kamili ya mwaka ilikuwa shilingi 8,000,000. Akauza nusu kwa bei ya 15.50, akapata mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya shilingi 333,333 kwa mwezi. Wa pili alistaafu Julai 2022. Pensheni yake kamili ya mwaka ilikuwa shilingi 7,448,276. Akauza asilimia 33 kwa bei ya 12.50, akapata mkupuo wa shilingi 30,724,138 na pensheni ya shilingi 415,862 kwa mwezi.

Tofauti ya mkupuo ni zaidi ya shilingi milioni 31. Ni kweli kwamba wa pili anapata shilingi 82,529 zaidi kila mwezi, na watetezi wa mabadiliko walilisisitiza jambo hilo. Lakini gawanya moja kwa nyingine: ingemchukua miezi 379, zaidi ya miaka 31, kufidia kile alichokosa siku ya kwanza. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 angehitaji kufika 91. Tunawaombea wazee wetu maisha marefu, lakini hesabu ya namna hiyo haiwezi kuitwa fidia.

Jambo ambalo halikusemwa vya kutosha ni hili. Watu walibishana kuhusu asilimia, na asilimia haikuwa yote. Kama kungebadilishwa asilimia peke yake kutoka 50 hadi 33, na zile namba mbili nyingine zikabaki za zamani, mkupuo wa mwalimu wa pili ungekuwa shilingi 40,920,000. Zaidi ya milioni kumi ziliondoka kimyakimya kwa kubadili 540 kuwa 580 na 15.50 kuwa 12.50. Wala fedha hizo hazikuhamia kwenye pensheni yake ya mwezi. Ni punguzo la kweli. Namba hizo mbili hazitangazwi katika vichwa vya habari, nasi tunadhani ndizo zilizostahili mjadala mrefu zaidi.

Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilitangaza kurekebisha asilimia: waliokuwa wakipata 50 kabla ya mabadiliko wapandishwe hadi 40, na waliokuwa wakipata 25 wapandishwe hadi 35. Kwa mfano wetu uleule, mwalimu wa asilimia 40 anapata mkupuo wa shilingi 37,241,379 na pensheni ya shilingi 372,414. Mtumishi wa reli wa asilimia 35, mwenye mshahara na miaka ileile, anapata mkupuo wa shilingi 32,586,207 na pensheni ya shilingi 403,448. Hivyo tofauti ya mfuko wa zamani, ambayo kuunganisha kulikusudiwa kuifuta, imerudi kwa jina lingine ndani ya mfuko mmoja.

Je, huyu wa 35 amepunjwa? Wengi wanadhani hivyo. Tukihesabu, mkupuo wake ni pungufu kwa shilingi 4,655,172, na pensheni yake ni kubwa kwa shilingi 31,034 kila mwezi. Pengo hilo hujazwa kwa miezi 150 kamili, yaani miaka kumi na miwili na nusu, na si kwa bahati: ndiyo maana halisi ya ile bei ya 12.50. Anayestaafu na miaka 60 na kuishi zaidi ya miaka 72 na nusu amefaidika kwa kuuza kidogo. Anayefariki kabla ya hapo, familia yake ingenufaika zaidi kwa mkupuo mkubwa. Lakini shilingi ya leo si shilingi ya miaka kumi ijayo. Milioni nne za leo ni mabati, saruji na mlango wa mninga. Shilingi elfu thelathini na moja za mwaka 2037 hatujui zitanunua debe ngapi za mahindi, kama pensheni haitapandishwa kufuatana na bei. Hapo ndipo watumishi wanapopendelea mkupuo, na hatuwezi kusema kwamba wanakosea.

Msomaji atauliza: kwa nini Serikali ilitaka kupunguza? Je, ni roho mbaya tu? Hapana. Kulikuwa na tatizo la kweli, na asili yake ni mwaka 1999. Kabla ya hapo mtumishi wa Serikali Kuu mwenye ajira ya kudumu hakuchangia chochote. Pensheni yake ililipwa na Hazina kutoka kwenye kodi. PSPF ilipoanza, mtumishi akaanza kukatwa asilimia 5 na Serikali kama mwajiri kutoa asilimia 15. Fikiria basi mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1975 na kustaafu mwaka 2005. Alichangia miaka sita, lakini alilipwa kwa miaka thelathini. Fidia ya ile miaka ishirini na minne ilipaswa kutoka Hazina, na Hazina haikuitoa kwa wakati. Mfuko ukawalipa wazee kwa michango ya vijana, mwaka baada ya mwaka, hadi ukaanza kuchelewesha malipo. Wastaafu wa miaka ile wanakumbuka kungoja miezi mingi. Mwaka 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17, kulipa sehemu ya deni hilo.

Kwa hiyo kusema kwamba mfuko ulielemewa ni kweli. Ila haikuwa kwa sababu mwalimu wa Usoke alipewa mno. Ulielemewa kwa sehemu kubwa kwa sababu mwajiri mkuu hakuweka fungu lake. Kumpunguzia mstaafu wa kesho ili kuziba pengo lililoachwa na mdaiwa wa jana ni jambo linaloweza kuwa la lazima kihesabu, lakini lisiitwe haki bila maelezo.

Hadi hapa tumezungumza juu ya wanaochangia. Lakini kuna makundi ambayo hayamo kabisa katika hesabu hii. Wanajeshi wa JWTZ hawachangii PSSSF; pensheni yao hutoka Hazina kwa sheria za ulinzi. Askari wa Polisi na Magereza, ambao nao hubeba silaha na kuhamishwa usiku wa manane, waliwekwa katika PSPF na baadaye PSSSF pamoja na makarani na walimu, na hoja ya kuwarudisha Hazina imesikika bungeni zaidi ya mara moja. Majaji wana sheria yao ya mwaka 2007. Viongozi wa kisiasa wana sheria yao ya mwaka 1999, ambayo kwayo Rais mstaafu hulipwa kila mwezi asilimia 80 ya mshahara wa Rais aliyeko madarakani. Hapa pana tofauti kubwa kuliko ya asilimia: pensheni yake hupanda mwenye kiti anapopandishiwa mshahara, wakati ya mwalimu imefungwa kwenye mshahara wake mwenyewe wa miaka iliyopita. Mbunge naye hulipwa kiinua mgongo kila Bunge linapofikia ukomo wake, baada ya miaka mitano, wakati mtumishi wa kawaida anahitaji kuchangia miezi 180, yaani miaka 15, ndipo awe na haki ya pensheni ya mwezi.

Tofauti ipo pia katika umri. Mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa, mabadiliko ya mwaka 2018 yaliweka 60 kwa hiari na 65 kwa lazima. Sababu iliyotolewa ni uhaba wa wataalamu, nayo ina uzito, ingawa matokeo yake ni kwamba daktari bingwa huongeza miezi 60 ya kuchangia ambayo mwalimu wa shule ya msingi haruhusiwi kuiongeza.

Wapo pia waliostaafu zamani na kubaki mikononi mwa Hazina. Mishahara yao ilikuwa midogo, na pensheni zao zikawa ndogo hivyohivyo. Mwaka 2015 kima cha chini chao kilipandishwa kutoka takriban shilingi 50,000 hadi takriban shilingi 100,000 kwa mwezi. Mzee aliyekuwa mkuu wa shule miaka ya 1980 anaweza kuwa anapokea chini ya mhudumu aliyestaafu juzi. Hakuna aliyemwibia, ni kwamba shilingi aliyokatiwa hesabu haipo tena.

Na huku kwetu, mahali ambapo Tabora ni njiapanda ya treni za Kigoma na Mwanza, hatuwezi kuacha kuwataja watumishi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirika la Reli, Bandari, Posta na Simu na mengineyo yalikuwa ya nchi tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi walijikuta siku moja wakiwa na mwajiri ambaye hayupo. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi Mei 1984, na kila nchi ikachukua wajibu wa kuwalipa raia wake. Kati ya kuchukua wajibu na kulipa palipita muda mrefu. Wazee wa Tanzania walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 yalifikiwa mapatano ya kulipwa shilingi bilioni 117. Hata baada ya hapo waliendelea kuonekana Dar es Salaam, wakikaa barabarani na mabango, wakisema hesabu haijakamilika. Wengi walikwisha kufa. Wale walikuwa mafundi wa injini, wapiga ishara na wakuu wa stesheni, watumishi wa umma kwa maana kamili ya neno, na lililowapata halikuwa asilimia ndogo bali kutokuwapo kwa mtu wa kuulizwa. Mgeni katika mkoa huu akisikia watu wa familia za reli wakizungumza kwa mashaka juu ya ahadi za pensheni, asidhani ni ukaidi.

Majirani zetu wamekutana na mambo haya kwa njia zao. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Kenya iliendelea kuwalipa watumishi wa Serikali pensheni ya kodi, bila michango, hadi Januari 2021 ilipoanzisha mfuko wa kuchangia: mtumishi asilimia 7.5, Serikali 15. Waliokuwa na umri zaidi ya miaka 45 waliachiwa uchaguzi wa kubaki katika utaratibu wa zamani. Jambo hilo dogo, la kumwachia mtu aliyekaribia mwisho ahadi aliyoanza nayo kazi, ndilo ambalo mwalimu wetu wa Julai 2022 hakulipata.

Kanisa lina neno katika hili, na si jipya. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wa *Rerum Novarum* wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira wa mfanyakazi haupimwi kwa mapatano ya sokoni peke yake. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, sehemu ya 19, aliitaja pensheni na bima ya uzee miongoni mwa haki za mfanyakazi. Tukiiita haki, mengi yanafuata. Pensheni si sadaka ya Serikali kwa wazee, wala si zawadi ya utii. Ni sehemu ya mshahara ambayo mfanyakazi hakuipokea mwisho wa mwezi, akaiacha itunzwe. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anawaonya wenye mashamba juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, na hatuoni sababu ya kudhani kwamba onyo hilo linakoma mvunaji anapotimiza miaka 60.

Mafundisho hayo hayadai kwamba wote walipwe sawa. Kazi ya hatari yaweza kuwa na malipo ya pekee. Askari anayeondoka jeshini mapema kwa sababu mwili wake umechoka anastahili kupangiwa kwa namna yake. Kinachodaiwa ni kwamba tofauti iwe na sababu inayoweza kusemwa mbele ya wote. Tukizipima tofauti tulizoziorodhesha, baadhi zinapita mtihani huo. Nyingine hazipiti: tarehe ya kuzaliwa iliyomwangusha mtu Julai badala ya Juni, au mfuko ambao mwajiri alimwandikisha bila kumwuliza, si sababu za aina hiyo.

Wala tusiinyoshee kidole Serikali tukasahau nyumba yetu. Katika hospitali za Kanisa wapo wauguzi wawili wa zamu moja: mmoja ameletwa na Serikali na yuko PSSSF, ambako mwajiri hutoa asilimia 15 na yeye 5, mwenzake ameajiriwa na hospitali na yuko NSSF, ambako kwa kawaida kila upande hutoa 10. Jumla ni 20 kwa wote, lakini anayekatwa zaidi ni yule ambaye mara nyingi mshahara wake ni mdogo. Na yupo katekista, aliyezunguka vigango kwa baiskeli miaka thelathini, ambaye mara nyingi hana mfuko wowote. NSSF hupokea waliojiajiri wanaochangia kwa hiari yao, na parokia yenye nia inaweza kumsaidia mtu kama huyo kuanza, hata kwa kiasi kidogo.

Kwa wale ambao bado wako kazini, tunapenda kutaja mambo machache ambayo wastaafu wetu wamejifunza kwa tabu. Omba taarifa ya michango yako sasa, si mwezi wa mwisho. Miezi iliyokosekana ni rahisi kuitafuta wakati mhasibu wa halmashauri aliyekuwapo bado yuko hai na anakumbuka. Hakikisha jina lililo kwenye barua ya ajira, kwenye mfuko, benki na kitambulisho cha Taifa ni lilelile kwa herufi. Mtu aliyebatizwa Yohane, akaajiriwa kama John na kusajiliwa kama Johana, atatembea sana kati ya Usoke na Tabora mjini. Jua pia kwamba mshahara unaotumika katika hesabu ya sasa ni wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mzuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho. Maana yake ni kwamba cheo kilichopaswa kutolewa miaka mitano iliyopita, kikaja miezi sita kabla ya kustaafu, kimechelewa kwa pensheni hata kama malimbikizo ya mshahara yamelipwa kando. Mwenye barua ya kupandishwa cheo ambayo haijatekelezwa asiiache kabatini akingoja uungwana wa ofisi; aifuatilie kwa maandishi, na abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.